Sema kwa Sauti, Bibi

Yule ofisa hakumtukana mama yangu. Naliweka hili mbele kwa sababu kila ninapoisimulia habari hii hakosekani mtu wa kuniuliza, "Sasa hapo alimwambia neno gani baya?" Hakumwambia neno baya. Alimwita bibi, alimpa kiti, alimpa na pole ya safari. Alichomwambia ni "Sema kwa sauti, bibi," na alimwambia hivyo mara tatu. Sijamsamehe. Kuna na mtu mwingine ambaye sijamsamehe kwa siku ile ile, na huyo nitamfikia.

Mama yangu anaishi kijijini, upande wa Kumsenga, wilayani Kibondo, kwenye nyumba aliyoletwa akiwa bibi harusi. Baba alifariki zamani. Mama amebaki na migomba yake, shamba la maharage na muhogo, na baba mdogo, yaani mdogo wake baba, anayekaa nyumba ya pili kutoka hapo. Mimi nafundisha sekondari Kasulu. Mwaka ule macho ya mama yalianza kuharibika. Jicho la kulia lilikuwa limefunikwa kabisa na mtoto wa jicho, na la kushoto likaanza kulifuata. Nilipokwenda likizo nilimkuta anachambua maharage kwa ncha za vidole, uso ameuelekeza mlangoni kwenye mwanga, na mawe yanapita. Aliniambia maharage ya siku hizi yana mawe mengi.

Nikaamua kumwingiza kwenye bima yangu ili afanyiwe upasuaji kabla jicho la pili halijaziba. Fomu ikataka namba ya kitambulisho cha taifa. Mama hakuwa nayo. Wenzake wengi walioandikishwa naye siku moja walikuwa wameshapata vitambulisho vyao na kuvifunga kwenye pindo za kanga, lakini jina lake lilirudi limewekewa alama. Uraia wake una mashaka, afike kuhojiwa.

Mtu wa kwetu haelezwi zaidi ya hapo. Kwa wa mikoa mingine itabidi nieleze. Mtu wa Morogoro akiomba kitambulisho anaulizwa anaitwa nani. Sisi tunaulizwa babu yetu alizikwa wapi, kando ya mti gani, na mazishini alikuwepo nani. Tunaishi karibu na mpaka, Kiha chetu na Kirundi cha jirani vinasikilizana, na kwa miaka mingi wakimbizi wamepita kwetu na wengine kukaa. Kwa hiyo sishangai kwamba tunaulizwa. Nchi ina haki ya kuwajua watu wake. Kinachonichemsha ni namna ya kuuliza, ile ya kumtazama mtu usoni kana kwamba kabila lake ni kosa ambalo ameshindwa tu kulificha vizuri.

Na sisi wenyewe si malaika, tusidanganyane. Tulipokuwa wadogo, tukigombana tuliitana Warundi, na mimi nilishawahi kulia kwa kuitwa hivyo hadi nikakosa chakula cha mchana. Sikuwahi kujiuliza yule msichana wa kambini aliyekuwa akija kulima kibarua kwetu, Mrundi wa kweli, alijisikiaje akitusikia tukilifanya kabila lake kuwa tusi. Alikuwa anainama na jembe lake, anaendelea na tuta. Leo namkumbuka na najionea aibu.

Sasa nieleze jambo la jina, maana bila hilo hakuna habari.

Kwetu, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Si kwamba kuna mtu amesimama mlangoni na fimbo kumkataza. Ni heshima yake mwenyewe anayoingia nayo kwenye mji ule, yaani nyumba ya wakwe. Siku anapofika, jina lile linahama kinywani mwake na halirudi. Akilazimika kumtaja humzungusha: mzee, baba yao, yule wa kule juu. Na kama jina lenyewe ni neno la kawaida la Kiha, basi hata kitu chenyewe hatakiita kwa jina lake. Jina la babu yangu ni la namna hiyo. Ni kitu kilichomo katika kila jiko la Uha, na mama alikuwa na namna yake ya kukiita, ambayo sisi watoto tuliirithi tukidhani ndiyo Kiha. Nilikuwa darasa la pili jirani aliponituma nimletee kitu hicho, nikabaki nimesimama, sijui anataka nini. Akacheka, akasema, "Ah, wewe ni wa mji wa kule," akanionyesha kwa kidole. Kisha akamweleza mwenzake kwamba mama yangu ni mwanamke kamili. Nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba kichwa kwa sifa za mama yangu.

Kwa zaidi ya miaka arobaini mama alilizunguka neno lile kila siku ya Mungu, akipika. Babu alipokufa hakuliokota. Baba alipokufa pia hakuliokota. Na mimi hapa silitaji, ingawa kama mjukuu ninaruhusiwa.

Sitaki mtu adhani mimi ni mshika mila. Nililelewa hivyo nikaacha, na najua hasa niliachia wapi. Nilipelekwa chuo cha ualimu mkoa mwingine. Siku ya kwanza nikamsalimia mlezi wetu kama nilivyofundishwa kumsalimia mtu mzima: nikapinda magoti kidogo, nikapiga makofi taratibu, mikono chini ya kidevu, "Mwakeye." Bweni zima likapata kazi ya muhula. Wakiniona kwenye foleni ya ugali wananipigia makofi, wakinikuta bafuni wananipigia makofi. Hakuna aliyenitukana. "Ni utani tu," waliniambia, na mtu akishakuambia ni utani tu amekunyang'anya hata haki ya kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kasoro. Basi nikaacha makofi. Baadaye nikaacha na lafudhi, nikawa nazungumza kama watangazaji wa redio. Nikaolewa na mwenzangu wa chuo, mtu wa Dodoma, na jina la baba mkwe wangu nalitaja kila leo, nimelihifadhi hata kwenye simu.

Nilipopangiwa Kasulu nilidhani nimerudi nyumbani. Kwenye ofisi ya walimu nikawakuta wenzangu wa mikoa mingine wakiulizana, "Na wewe ulitupwa huku lini?" Kutupwa. Kinachotupwa ni takataka, na mahali pa kutupia takataka panajulikana panaitwaje. Walisema bila ubaya wowote, huku wakinikaribisha chai. "Watu wa huku hivi, watu wa huku vile, ila wewe si kama wao." Na mimi nilicheka pamoja nao, tena nilicheka vizuri. Nililichukua lile "si kama wao" nikaenda nalo nyumbani kama zawadi. Namweleza msomaji haya ili akinikuta nimesimama pale niliposimama baadaye asishangae nimefikaje.

Mama alikwenda kuhojiwa mara ya kwanza bila mimi. Alikwenda mjini Kibondo na baba mdogo kama shahidi wake, kwenye ukumbi ambao watu wa vijiji kadhaa walikuwa wameitwa siku hiyo. Jioni akanipigia kwa simu ya baba mdogo. Alisema wameongea vizuri, ameulizwa mambo mengi, kuna kidogo tu kimebaki. Nikamwambia anipe baba mdogo. Huyo ndiye aliyeniambia.

Aliulizwa baba yake alizikwa wapi, akajibu. Akaulizwa ukoo, mlima alikozaliwa, aliyempeleka kubatizwa, akajibu yote. Kisha ofisa akamuuliza jina la baba mkwe wake. Lilikuwa swali la maana, nakubali, kwa sababu baba alifariki kabla ya mambo ya vitambulisho, na aliyeandikwa kwenye daftari la zamani la kijiji alikuwa babu. Ndoa ya mama ilishikilia hapo. Mama akasema, "Ni yule mzee aliyekuwa balozi kule juu." Ofisa akasema anataka jina. Mama akasema, "Baba yake huyu," akamwonyesha baba mdogo. Ofisa akasema ameuliza jina. Mama akanyamaza. Baba mdogo akataka kulitaja yeye, akazuiwa, kwamba anayehojiwa hujibu kwa kinywa chake.

"Akaandika," baba mdogo aliniambia. "Mimi kusoma najua kidogo. Ameandika: Hajui."

Nilikaa na neno lile usiku na mchana. Hajui. Mwanamke aliyelijua jina hilo kuliko sisi sote tuliozaliwa nalo, aliyelijua akiinama jikoni asubuhi na akiinama jikoni jioni, aliyelijua kwa kulikwepa kiasi kwamba hata kumkemea mtoto alichagua maneno, ameandikiwa hajui. Na karatasi haina aibu. Inakaa kwenye faili inangoja mtu mwingine aisome na kuamini. Angeandika "amekataa" ningemwelewa. Kumwandikia mtu kwamba hajui kile anachokiheshimu ni kumvua nguo na kisha kusema alikuja uchi.

Akapangiwa siku nyingine. Wakati huo jicho la kushoto lilikuwa linamwonyesha watu vivuli tu. Nikaomba ruhusa shuleni, nikapanda basi la asubuhi kutoka Kasulu, nikafika nyumbani bado jua lipo. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikamketisha.

"Mama, ni jina tu," nikamwambia.

"Kama ni jina tu," akasema, "mbona wanalitaka namna hiyo?"

Nikahamia kwenye macho. Nikamweleza upasuaji, bima, namba, nikamweleza kwamba mila nyingi zimeachwa na jua linachomoza kama kawaida. Akasikiliza, mikono mapajani. Alisema wakwe zake watakuwepo ukumbini, na wake wa wadogo zake baba, na watoto wa mji ule ambao yeye ndiye aliyewafundisha adabu. Akauliza, "Nitawaangaliaje?"

Hapo hasira zangu zikanipanda, nikasema neno ambalo wahenga walilionya waliposema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nikasema, "Sasa utakuwa kipofu kwa ajili ya mtu aliyekufa?"

Akainuka, akapapasa ukuta hadi chumbani. Asubuhi nilimkuta ameshavaa gauni la kanisani na kitenge juu yake.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mabenchi manne ya watu wa kwetu na vijiji vya jirani, wazee na mikongojo, akina mama na watoto mgongoni, kila mmoja na bahasha ya vyeti vya ubatizo na karatasi za kodi za enzi ya babu zao. Ofisa alikuwa kijana wa umri wa mdogo wangu, shati limepigwa pasi, si mtu wa mkoa wetu. Baba mdogo alikaa benchi la mbele. Mimi nikasimama nyuma ya kiti cha mama.

Nikaomba kusema. Nikamweleza ofisa mila yetu kwa Kiswahili changu cha redio, kwa utaratibu, kama ninavyoeleza somo. Alinisikiliza hadi mwisho, hilo nampa. Kisha akatabasamu.

"Mwalimu, hata wewe msomi? Fomu hii haina kisanduku cha mila." Halafu akauliza, akiwatazama watu wa mabenchini, "Na hiyo mila ni ya huku, au ni ya ng'ambo ya mpaka?"

Wapo waliocheka. Siwalaumu, mtu mwenye faili mikononi mwa mwingine hucheka anapochekewa. Lakini niliona shingo ya mama ikikaza. Nikatoa kalamu, nikasema nitaliandika jina kwenye karatasi, mama aitikie kwa kichwa. Ofisa akasema hapana, ajibu kwa kinywa chake, tena mimi nisimsemee maana nitamharibia.

Mama akasema, "Baba, nipe nafasi kidogo." Alimwita baba, kijana yule.

Ndipo baba mdogo akasimama. Hakumtazama ofisa. Aliwageukia watu wa mabenchini, akawaambia kwa Kiha, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeomba kupishwa njia, kwamba mama wa watu ana neno la kusema, tutoke nje tumwachie nyumba.

Wakasimama. Mzee mmoja mwenye mkongojo ndiye aliyetangulia, polepole sana. Wakafuata akina mama, mmoja akiwa bado ananyonyesha, akajifunika na kwenda. Wakafuata hata watu wa vijiji vya mbali ambao hawakumjua babu wala mji wetu, lakini walijua jambo lenyewe, maana nao wana mama. Ofisa akaita, "Mnakwenda wapi? Mtapoteza nafasi zenu kwenye foleni." Wakaendelea kutoka. Kupitia dirishani niliwaona wakivuka uwanja hadi kwenye mikaratusi upande wa pili, wakasimama pale wote, migongo yao imetugeukia.

Mimi ninajua watu wanaoitwa washamba kwenye ofisi ya walimu. Ningependa walimu wenzangu wangekuwepo dirishani pale siku ile.

Baba mdogo alikuwa wa mwisho. Akafika mlangoni, akasimama ameushika, akanitazama. Alikuwa ananingoja nitoke. Nikatikisa kichwa. Niliona kwamba lazima abaki mtu mmoja mwenye akili zake wa kuhakikisha jina linaandikwa sawasawa, na mtu huyo ni mimi, mwalimu. Akaufunga mlango taratibu.

Mama akasema bila kugeuka, "Na wewe, mwanangu."

"Mama, nitakusaidia kwenye herufi," nikasema.

Huyo aliyesema hivyo ndiye mtu wa pili niliyemtaja mwanzo.

Mama akageuza uso kwenye dirisha, akalisema. Lilitoka dogo sana, kama mtu anayejaribu kutomwamsha aliyelala.

"Sema kwa sauti, bibi."

Akalisema tena.

"Hiyo ya kwanza ni R au L? Watu wa huku mnachanganya. Sema kwa sauti, bibi."

Akalisema mara ya tatu, na safari hii likajaa ukumbi mtupu ule, na mimi nikalisikia kwa sauti ya mama yangu kwa mara ya kwanza maishani. Sijui niliseme vipi. Nilimsikia mtu nisiyemfahamu. Ofisa alikuwa bado hajatosheka. "Sikupata mwisho wake. Sema kwa sauti, bibi." Hapo mama hakuweza tena, midomo ilitikisika tu, nikamtajia mimi herufi moja moja.

Aliandika. Akaliangalia jina alilolipata, akaniuliza lina maana gani. Nikamwambia. Nilimwambia kile kitu cha jikoni, na akacheka, "Mzee mzima anaitwa hivyo?" Na mimi nikatabasamu. Nilitabasamu kwa mazoea, kama nilivyokuwa nikitabasamu kwenye chai ya saa nne, kabla hata sijafikiri. Mama alikuwa anaona vivuli tu, lakini kicheko hakihitaji macho.

"Kumbe unajua," ofisa akamwambia mama, akakata lile neno la zamani kwa mstari. "Ungesema tangu mwanzo usingepata usumbufu wote huu."

Tulipotoka, watu walikuwa bado wamegeuka kule mikaratusini. Baba mdogo alisikia mlango, akawaambia, wakarudi. Foleni ilikuwa imevurugika na hakuna aliyegombea nafasi yake. Walipopishana na mama walimsalimia kama watu wanaokutana naye asubuhi hiyo kwa mara ya kwanza, "Mwakeye," na yeye akaitikia kila mmoja. Mimi walinisalimia pia. Niliona tu kwamba hawakusimama.

Namba ilitoka. Bima ikakubali. Mama akafanyiwa upasuaji jicho la kulia, na baada ya muda la kushoto, na nilikuwa pembeni ya kitanda bandeji ilipotolewa. Alinitazama akaniambia nimenenepa. Nililia kwa furaha, na kwa wiki nyingi baada ya hapo niliisimulia habari ile kama ushindi wangu. Niliwasimulia hata wale wa ofisi ya walimu, na ile sehemu ya jina niliipamba kidogo wakacheka.

Likizo iliyofuata mama akaniita nyumbani. Nikamkuta amepika pombe ya ndizi, ameichuja, ameijaza kwenye kibuyu kilichooshwa vizuri. Akaniambia nikibebe, tunakwenda kwa baba mdogo. Njiani ndipo aliponieleza. Mwanamke aliyelitamka jina haachi hivi hivi. Anakwenda kwa watu wa damu ya yule mzee waliomsikia akilitamka, anapiga magoti, anaomba radhi, na wakinywa pombe yake neno linafutika. Hakuwa na wasiwasi. Alitembea mbele yangu akiruka mashimo ya njia ambamo mwaka uliopita angetumbukia, na nilifurahi kumwona.

Baba mdogo alitupokea, akatupa vigoda. Mama hakukaa. Akachukua kibuyu kwangu, akapiga magoti mbele ya shemeji yake, akasema kilichompeleka.

Baba mdogo alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akakisukuma kibuyu kwa vidole, taratibu, kikamrudia.

"Shemeji, mimi nilikuwa nje," akasema. "Sikusikia kitu."

"Lakini unajua nilisema."

"Kujua ni kitu kingine. Tulitoka wote ili tusisikie, na hatukusikia. Nikinywa pombe hii nitakuwa nimesema uongo, na nitakuwa nimekutia kosa mbele yangu ambalo hukulifanya mbele yangu."

Mama akabaki pale chini, kibuyu mikononi. Nilimwona anafikiri, anawapitia watu wa mji ule mmoja mmoja, wake kwa waume, na wote walikuwa kule mikaratusini, wamegeuka. Baba mdogo alikuwa anatazama mlango. Hakunitazama hata kidogo, na kwa kutonitazama kwake nikaanza kuelewa.

Mama akageuka. Hakuinuka, aligeuka hapo hapo kwa magoti, kwenye udongo, gauni likikunjamana chini yake, hadi akanielekea mimi. Mimi ni damu ya mzee yule. Na nilisikia. Aliniangalia kwa macho yake mawili yaliyopona, akaniambia kwa Kiha, bila kunilaumu, kwamba amemtaja babu yangu masikioni mwangu mara tatu, na ananiomba nimsamehe.

Niliruka kumshika mikono. "Mama, inuka. Mama, mimi ndiye niliye—"

"Usimwinue," baba mdogo akasema. "Hakuna mwingine wa kuipokea. Ukikataa itabaki kwake."

Nikaketi tena. Nikakipokea kibuyu kwa mikono miwili, nikanywa, na mama yangu akabaki amepiga magoti mbele yangu hadi nilipomaliza.